Unakanyaga mafuta gari inabaki sailensa: kabla hujanunua pedeli, pima soketi ikiwa imechomekwa

Mwakeye jamani. Kuna tatizo moja naliona linajirudia sana kwenye magari ya huku kwetu, hasa hizi pikapu za dizeli za kisasa zinazopiga kazi kati ya Kigoma mjini na Kasulu, Kibondo, Uvinza mpaka Nguruka huko. Unakanyaga mafuta, pedeli inazama mpaka chini kwenye kapeti, gari haishtuki. Inanguruma sailensa tu, yaani ule mzunguko wa chini wa gari iliyosimama. Taa ya chek injini inawaka, ukizima ukawasha tena inaweza ikakubali ukatembea kilomita kadhaa halafu inarudia yale yale. Watu wanabadilishiwa pampu, wanabadilishiwa nozeli, wanaambiwa wakanunue pedeli ya laki kadhaa na tatizo linabaki pale pale. Yangu ilinifanyia hivyo na imepona, kwa hiyo naandika kila kitu nilichokiona, maana inaniuma mtu kutoa hela ya mtaji kununua spea ambayo haikuwa imeharibika.

Gari yangu ni dabo kebini nyeupe ya Kijapani, zile ambazo ukisimama Mwanga hapa Kigoma mjini muda mfupi tu lazima ipite moja, dizeli, injini ya komoni reli, ile ambayo nozeli zake zinafunguliwa kwa umeme. Nabeba dagaa wa Kibirizi na mawese kupeleka Kasulu, kurudi napakia maharage. Dalili ya kwanza haikuwa pedeli kufa. Ilianza kuwa nzito, unakanyaga inapanda polepole, kuna spidi ikifika haiendi tena hata ufanyeje, na taa inawaka. Kesho yake ukiwasha taa haipo na gari iko vizuri. Nikaambiwa chujio cha dizeli, kikabadilishwa, na kweli kilikuwa kichafu, ikatulia kidogo tukasahau.

Ikaja kufa kabisa nikiwa na mzigo, nishaiacha Kidahwe napandisha kuelekea Kasulu. Mguu uko chini kabisa, gari inapunguza, inapunguza, mpaka ikabidi nishike breki isinirudishe nyuma. Utingo akaruka kuweka mawe kwenye tairi, akakata matawi akayaweka barabarani nyuma yetu maana malori pale yanakuja kwa kasi. Ikishatulia, nikaweka gia huru nikakanyaga mafuta. Mshale wa mzunguko haukusogea hata kidogo.

Hapo kwenye gia huru msipapite haraka, ndo kipimo cha kwanza na hakina gharama. Gari ambayo chujio limeziba, au dizeli ina maji, au mpira wa tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, umepasuka, ukiweka gia huru ukakanyaga injini inapanda. Inaweza kupanda kwa kusuasua, ikatoa moshi mweusi, ikakwamakwama, lakini inapanda, shida yake inakuja ukiipa mzigo au mlima. Gari ambayo pedeli haisikiki haipandi hata kwenye gia huru. Injini inazunguka vizuri sailensa, haitetemeki, haitoi moshi, haina habari na mguu wako. Ukiona hivyo usianze kufikiria nozeli. Injini yako nzima, ila haijui kwamba umekanyaga.

Kwa nini haijui? Pikapu za zamani pedeli ilikuwa na kebo, ukikanyaga unavuta waya wa chuma unaokwenda moja kwa moja kwenye pampu au kwenye kabureta, ikikatika unaiona kwa macho, unafunga hata na waya wa kawaida unafika nyumbani. Hizi za sasa hakuna kebo. Juu ya pedeli, pale inapofungwa kwenye bodi, kuna kiboksi cha plastiki chenye sensa. Ukikanyaga sensa inabadilisha volti, volti inasafiri kwenye waya mpaka kontroboksi, ile kompyuta ya injini, na kontroboksi ndo inaamua nozeli zifunguke muda gani na dizeli iingie kiasi gani. Wewe hupeleki mafuta, unapeleka ombi.

Na sensa haiko moja, ziko mbili ndani ya kiboksi kimoja. Kila moja ina waya wake wa volti 5, waya wake wa ethi (negativu) na waya wake wa kurudisha jibu, ndo maana ukiangalia soketi ya pedeli unakuta waya sita. Wameweka mbili makusudi ili kontroboksi ilinganishe. Kwenye Kijapani nyingi mguu ukiwa juu sensa ya kwanza inasoma kama volti 0.8 hivi na ya pili kama 1.6, ukikanyaga zinapanda pamoja mpaka ya kwanza inavuka 3 na ya pili inavuka 4, na tofauti kati yao inabaki karibu ile ile muda wote. Kuna makampuni mengine wanapanga vingine, sensa moja inakuwa mara mbili ya mwenzake kila hatua, kwa hiyo usikariri namba, angalia kama zinapanda pamoja kwa ulaini bila kuruka. Kontroboksi ikikosa sensa moja kwa kawaida inaendelea na iliyobaki ila inabana nguvu. Ikikosa zote mbili inachukulia hujakanyaga kabisa na inaiacha injini sailensa. Wameitengeneza hivyo kwa usalama, maana kontroboksi ikiwa haina uhakika na mguu wako ni heri gari isiende kuliko iende yenyewe.

Sasa rudi kwenye dalili zangu. Kule mwanzo ilikuwa nzito, yaani sensa moja inapotea. Kidahwe zikapotea mbili. Ni ugonjwa mmoja unakua.

Pale mlimani nilizima, nikasubiri kidogo, nikawasha, ikakubali. Nikageuza kurudi mjini taratibu, ikakata tena njiani. Kama itakukuta na wewe: dizeli ikiwa sailensa kwenye gia ya kwanza inajivuta yenyewe sehemu tambarare, inatosha kukutoa barabarani ukaegeshe. Ila usijaribu kupandisha nayo mlima na mzigo, na usiende nayo mbali ukitegemea kuzima na kuwasha, maana inakata bila kukuaga na inaweza kukata ukiwa unalipita lori.

Gereji ya kwanza walikuwa na mashine ya kupimia, wakachomeka zikatoka kodi tatu, yaani namba za hitilafu, P2122, P2127 na P2138. Ya kwanza na ya pili zinasema kontroboksi inapokea volti ndogo mno kutoka sensa ya kwanza na ya pili, ya tatu inasema hizo sensa mbili hazielewani. Na hapa ndo watu wengi wanapotea. Kodi inasema volti iliyofika ni ndogo, haisemi nani kaipunguza. Inaweza kuwa sensa yenyewe, inaweza kuwa waya umekatika, inaweza kuwa soketi, mara chache sana kontroboksi. Fundi akachomoa soketi ya pedeli, akawasha swichi, akapima na multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye soketi ile, volti 5 upande huu, volti 5 upande ule, akanigeukia akasema, "Mama, waya ziko salama kabisa, pedeli ndo imekufa. Agiza Dar, au kama una mtu Mwanza akutafutie yuzidi."

Maneno yake yalikuwa na mantiki, hata mimi nilishaanza kupiga simu za kuulizia bei. Lakini kuna kijana mmoja fundi umeme Gungu huwa ananitengenezea taa na starta, nikampitishia nimsikie. Akaniuliza swali moja tu. "Dada, hiyo volti 5 aliipima soketi ikiwa imechomolewa au imechomekwa?" Imechomolewa. "Basi hajapima bado."

Nikamwambia mdogo wangu nieleweshe, akanielewesha vizuri. Multimita haili umeme wa maana. Pini ikiwa imejaa kutu ya kijani, multimita ikiwa peke yake itakuonyesha volti 5 safi kabisa, kwa sababu hakuna kinachovuta umeme. Ukichomeka pedeli, sensa inaanza kuvuta, na umeme hauwezi kupita pale penye kutu, volti inaanguka. Ni sawa na bomba la maji lililoziba nusu, ukiziba mdomo kwa kidole unasikia presha ipo, ukiachia linatoka tone. Kwa hiyo kipimo cha kweli ni soketi ikiwa mahali pake, pedeli imeunganishwa, swichi iko oni. Kwa sababu hiyo hiyo ule mtindo wa kupima waya kwa kusikiliza mlio wa multimita, ukisikia piii unasema waya mzima, kwenye kazi hii unaweza kudanganya, mguso mbovu unaweza kulia piii ukiwa umetulia halafu ukakata ukitikiswa.

Basi akachukua sindano nyembamba akaziingiza kwa nyuma ya soketi, pale waya unapoingilia, mpaka ziguse chuma cha ndani, hakutoboa ganda la waya. Hilo alilisisitiza sana, kila tundu unalotoboa kwenye waya ni mlango wa maji, na kama imelazimu utoboe basi uzibe vizuri baadae. Akapima. Waya wa volti 5 wa sensa ya kwanza ulikuwa unasoma tatu na ushee, unachezacheza. Wa pili ulionekana mzuri, akamwambia utingo aushike mkanda wa waya pale chini ya dashibodi autikise, ukaanguka mpaka kwenye mbili, ukarudi, ukaanguka. Kila ukianguka taa ya chek injini inawaka. Nilifurahi kusema kweli, maana kwa mara ya kwanza kitu kilikuwa kinaonekana kwa macho, siyo kuhisi.

Akapima na upande wa ethi, huo watu wanausahau. Unaweka ncha moja ya multimita kwenye waya wa ethi wa pedeli na nyingine kwenye negativu ya betri, soketi ikiwa imechomekwa, inatakiwa usome karibu na sifuri, ikivuka 0.1 anza kuufuatilia huo waya. Yangu ilikuwa nzuri. Tukahamia upande wa kontroboksi kwenye waya zile zile mbili, volti 5 imesimama, haitingishiki hata ukitikisa. Kwa hiyo kontroboksi inatoa, pedeli haipokei, umeme unapotelea njiani. Kuanzia hapo hakuna kubahatisha tena, ni kufuata waya kwa mkono.

Na waya zenyewe haziendi moja kwa moja. Katikati zinapita kwenye soketi kubwa ya kuunganishia, imekaa pembeni kabisa upande wa dereva, nyuma ya ile plastiki ya pembeni karibu na miguu. Tukafungua ile plastiki. Kapeti chini yake lilikuwa limelowa, unalikamua maji yanatoka, na juu huwezi kujua maana ni kukavu. Soketi ilipotenganishwa, pini mbili zinazokaa jirani zilikuwa kijani kabisa, moja imeliwa imebaki nyembamba. Pini mbili hizo ndo zilikuwa waya za volti 5 za pedeli.

Maji yalitoka wapi? Raba ya kioo cha mbele, kona ya juu upande wa dereva. Kioo kilishawahi kubadilishwa baada ya kupigwa jiwe, kona ile gundi haikushika vizuri. Mvua za huku zikianza Novemba zinapiga mpaka Mei, maji yakawa yanashuka ndani ya nguzo ya pembeni, yanafuata mkanda wa waya, yanaishia kwenye soketi. Ndo maana ilikuwa inasumbua zaidi asubuhi baada ya mvua na mchana jua likiwaka inapona. Kama gari yako ina tabia hiyo, ya kuumwa kwenye unyevu na kupona ikikauka, tafuta maji kabla hujatafuta spea.

Kutengeneza hakukuwa na maajabu ila kulitaka utulivu. Tulitoa negativu ya betri kwanza, hiyo msiruke, soketi zinazokwenda kontroboksi hazichomolewi swichi ikiwa oni. Zile pini mbili hazikusafishwa, zilikatwa zikatupwa, maana pini ikishaliwa ukiikwangua inang'aa leo na baada ya muda inarudi. Akapata pini za saizi ile ile kwenye waya za gari iliyochakazwa, akakata nyuma mpaka akakuta shaba inayong'aa, waya ukiwa mweusi ndani unaendelea kukata, akabana pini kwa plaisi yake, akaunga kwa risasi na kuvalisha ule mpira unaonywea ukipata moto. Selotepu peke yake alikataa, alisema joto la Kigoma linaiyeyusha gundi na mwisho unabaki na waya wazi. Zile pini nyingine ambazo hazijaliwa zikasafishwa kwa dawa ya kusafishia soketi za umeme na brashi laini, zikapakwa grisi maalumu ya soketi, siyo grisi ya beringi. Halafu mkanda wa waya akaulegeza ushuke chini kidogo kabla haujaingia kwenye soketi, ili maji yakija tena yadondokee pale chini na siyo kuingia. Kwa mimi hilo ndo lilikuwa la akili kuliko yote.

Kapeti lilitolewa likaanikwa, kioo kikatolewa kikapakwa gundi upya. Kioo ndo kilikula hela nyingi kuliko waya, na bado jumla yake haikufika hata nusu ya bei niliyokuwa nimetajiwa ya pedeli.

Baada ya hapo tukachomeka mashine, tukafuta kodi, tukaangalia data inayotembea, ile inayoonyesha pedeli iko asilimia ngapi. Nikakanyaga polepole kutoka juu mpaka chini, ikaenda sifuri mpaka karibu mia bila kuruka, huku utingo anatikisa waya kwa nguvu zake zote. Hiyo data ni muhimu kuliko kodi, muombe fundi akuonyeshe kwenye kioo cha mashine kabla hajakuambia ununue chochote. Kama umekanyaga mpaka mwisho na mashine inasema pedeli sifuri, tatizo liko kati ya pedeli na kontroboksi. Kama mashine inasema mia na injini haipandi, ombi limefika, sasa ndo uende kwenye mafuta, hewa, tabo na mengineyo. Dakika chache tu zinakuepusha kutengeneza upande ambao si mbovu.

Nikapakia mzigo ule ule nikapandisha tena kwenda Kasulu, na mvua ikanikuta njiani, gari ikaitikia kila nikigusa.

Nisisahau na mambo mengine yanayoweza kuleta dalili ya kufanana. Swichi ya taa ya breki. Kuna magari yamewekewa utaratibu kwamba ukikanyaga breki na mafuta pamoja yanasikiliza breki, kwa hiyo swichi ikigoma kuachia gari inaamini umeshika breki muda wote na inabana mafuta. Mwambie mtu asimame nyuma, taa za breki zikiwa zinawaka na mguu wako hauko pale, umepata pa kuanzia. Zulia la miguu nalo, hasa yale tunayonunua yasiyo ya gari hiyo, linajikunja chini ya pedeli na kuizuia isishuke au, mbaya zaidi, isipande. Na ikiwa multimita inakuonyesha volti 5 nzuri na ethi nzuri, soketi imechomekwa, lakini waya wa jibu haupandi ukikanyaga au unarukaruka, hapo kweli pedeli imekufa, kanunue bila wasiwasi, ila hakikisha namba iliyoandikwa kwenye kiboksi inalingana na ya kwako, zinafanana kwa sura na ndani zinatofautiana.

Wenye za petroli mna kitu kimoja zaidi. Kwenu kontroboksi ikishapokea ombi inaamrisha mota ndogo kufungua kile kisahani cha hewa kwenye throto. Kikijaa masizi kinakwama, au mota inachoka, gari inabaki sailensa vile vile wakati pedeli ni nzima. Data ya mashine itawaonyesha pedeli inapanda na throto haipandi. Kusafisha ni swichi ikiwa ofu na betri imetolewa, na msikisukume kisahani kwa kidole kwa nguvu, kuna gia ndogo za plastiki ndani zinavunjika.

Na tafadhali, msimruhusu mtu yeyote apime waya za pedeli kwa ile taa ya kupimia yenye balbu. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko zile waya zinavyotakiwa kubeba, unaweza kwenda na tatizo la pini ukarudi na kontroboksi iliyoungua. Multimita ya kawaida hata hapa sokoni Mwanga ipo, mimi ninayo yangu sasa hivi inakaa kwenye gari pamoja na jeki.

Wanaoosha magari nao, waambieni ile presha ya maji wasiielekeze kwenye soketi za injini wala chini ya dashibodi, kapeti lisuguliwe kwa kitambaa tu. Kama unajua gari yako ilishawahi kubadilishwa kioo cha mbele, leo jioni ingiza mkono chini ya kapeti upande wa dereva, kwenye kona kabisa, usikie kama kuna unyevu.